Dakika Arobaini za Kadi Kubwa

Bi Zuwena alizikwa siku ya Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa nimefika Tabora asubuhi hiyo kwa basi la kutoka Dodoma, nina kanga mbili na mchele kwenye mfuko, kwa sababu sikujua mtu huenda na nini kwenye msiba wa mwanamke asiye ndugu yake ambaye alimlisha mwaka mzima. Mimi ni Mkatoliki, na mle ndani walikuwa wanasoma Kurani, lakini binti zake walinipa ushungi, wakanisogezea nafasi kwenye jamvi, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nyumba ilikuwa ile ile ya kuta nene za udongo, ya tangu enzi za misafara, wakati wapagazi waliokwenda Ujiji walipopita karibu na mlango wake. Chumba cha mbele, ambacho mimi mpaka leo nakiita chumba cha gemu, kilikuwa kimejaa viti vya plastiki vya kukodi na magunia ya mkaa. Nilikitazama mara moja, nikageuza uso.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini nilitoka kwenda uani kusaidia kuosha masinia. Nassor, mtoto wa marehemu, ambaye ndiye aliyeniajiri mwaka ule, alikuwa amekaa kwenye benchi na wageni wachache, uso umemvimba kwa safari ya kutoka Maskati na kwa kulia. Pembeni yake alikaa mwanaume mwembamba, ndevu zake fupi zimeanza mvi mapema. Nilimtambua kwa vidole vyake virefu kabla ya sura. Alikuwa Lukas wa Goweko. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka kumi, na nilikuwa nimejitahidi iwe hivyo. Mgeni mmoja alikuwa anahangaika na simu, akampa Lukas amsaidie, na Lukas akairudisha bila hata kuigusa vizuri. "Mimi na mashine tuliachana zamani," alisema. "Hata hii yangu, mwanangu ndiye ananiwekea mambo. Muulizeni dada Yustina huyo hapo. Alinichagulia kadi nzuri ya kompyuta, kadi ya maana, nikaifikisha nyumbani nikaiunguza siku ya kwanza. Mikono yangu haifai kwa vitu hivyo." Wakacheka kile kicheko cha msibani cha kupumzisha kifua. Nassor naye akacheka. Mimi niliinamia beseni nikasugua sinia lililokuwa limekwisha takata.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimemaliza cheti cha kompyuta, nimepanga chumba mtaa wa Ipuli, na kazi pekee niliyoipata ilikuwa ya Nassor. Alikuwa na kompyuta tano kwenye kile chumba cha mbele, na vijana wa mjini walikuja kucheza gemu za mpira na za magari tangu saa nne asubuhi mpaka magharibi, alipofunga kwa ajili ya swala. Kazi yangu ilikuwa kuzihudumia mashine: kupuliza vumbi, kubadilisha feni, kuondoa virusi, kujua kwa nini ya tatu inazima kila umeme unapopungua nguvu. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo lililo juu, na kwa unene wa zile kuta kilikuwa na ubaridi hata mwezi wa kumi, jua la Tabora linapochoma mpaka mbwa wanakimbilia mitaroni. Bi Zuwena alikuwa na sharti moja: nikiwa mle na mwanawe, mlango wa ndani usifungwe. Palitundikwa pazia la maua tu, na nyuma ya pazia ndiko kulikokuwa na jiko lake, redio yake na sauti yake.

Kwa hiyo nilisikia mengi. Nilimsikia akizungumza na kaka yake wa Maskati kwenye simu, nusu Kiswahili nusu Kiarabu, akilalamika kwamba mwanawe ana akili lakini anachezea mabati. Nilimsikia akibishana na wauza samaki juu ya migebuka iliyoshuka na treni ya Kigoma, ipi ya jana na ipi ya juzi. Kila siku saa saba aliita, nami nikapita pazia nikakaa kwenye kigoda, tukala. Siku nyingine wali wa nazi na bamia, siku nyingine ugali na nsansa niliyomfundisha mwenyewe kuiunga kwa karanga, kwa vile majani makavu ya kunde alikuwa akiyaona sokoni miaka yote asijue yanapikwaje. Alikuwa anakula polepole akinitazama. "Wewe unakula kama mtu anayefukuzwa," aliniambia. "Hapa hakuna anayekufukuza." Nilikuwa nalikumbuka neno hilo nikiwa natembea kurudi Ipuli.

Katikati ya mwaka Nassor aliletewa boksi la kadi za grafiki zilizotumika. Zilitoka Dubai, zimefungwa ndani ya mashuka, kumi na moja kwa jumla. Kwa asiyejua, hiki ndicho kifaa kinachochora picha za gemu kwenye skrini. Kompyuta yenye kadi dhaifu huonyesha gari likiruka ruka kama filamu iliyokatwa, na yenye kadi nzuri gari linateleza. Zote zilikuwa za zamani. Nyingine zilikuwa kubwa na za daraja la juu kwa wakati wake, nyingine ndogo za daraja la chini lakini zimetengenezwa karibuni zaidi, na huwezi kujua ipi inaishinda ipi kwa kuzitazama. Nassor akaniambia, "Yustina, zijaribu zote. Moja moja. Andika ukweli wake. Watu watanunua kwa daftari lako."

Sijawahi kuifurahia kazi kama nilivyoifurahia ile. Nilitenga mashine ya tano, nikachagua gemu moja ya mbio za magari, barabara ile ile, hali ya hewa ile ile, mvua ikinyesha kwa sababu mvua ndiyo huitesa kadi. Nilihesabu picha kwa sekunde, nikaandika joto, nikaandika kama feni inalia. Kadi moja iliyokuwa inasifiwa na kila mtu kijiweni ilishindwa na kadi nyembamba kama daftari. Nyingine ilikuwa na kumbukumbu kubwa iliyoandikwa kwa herufi nene kwenye kasha, na haikuwa na kitu zaidi ya hizo herufi. Vijana walikuja kusimama nyuma yangu kusoma. Wiki moja nzima nilikuwa mtu ambaye neno lake linangojwa, na hilo kwa msichana katika chumba kile lilikuwa jambo geni. Kwa kawaida wao walikuwa wanacheza, mimi natengeneza. Nikiomba zamu walinipa dakika tano, na katika hizo tano walisimama begani kwangu wakinielekeza kama mtoto anayevushwa barabara.

Ndiyo maana nilikuwa najijengea kompyuta yangu. Nilikuwa na kasha la mtumba, mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, niliyopewa na Nassor kwa sababu ilikuwa na tundu moja bovu, na pawasaplai dhaifu, kile kisanduku kinachogawa umeme. Ilibaki kadi. Nilitaka kukaa chumbani kwangu Ipuli, mlango umefungwa, niendeshe gari kwenye mvua ile mpaka mwisho wa barabara bila mtu kunipumulia shingoni. Nikilisema leo naona ni kitu kidogo sana. Lakini sikuwa na kikubwa kingine nilichokitaka, na nilikuwa nimekitaka muda mrefu.

Lukas aliingia katika mwaka huo kwa njia ya asali. Mama yake alikuwa mteja wa zamani wa Bi Zuwena, na yeye ndiye aliyekuja na madumu kila mwisho wa mwezi. Akishayashusha jikoni alikuwa anasogea kwenye pazia kutazama kompyuta. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mkimya, mwenye maswali mazuri. Nyumbani kwao walilima tumbaku, yeye akiwa mdogo wa wavulana watatu, na siku moja, tukila wote jikoni, alitueleza mpango wake. Kijijini kwao umeme ulikuwa umefika. Alitaka kufungua chumba cha gemu, kompyuta moja kwanza, halafu mbili. Baba yake, mzee Maganga, alikuwa mzee wa kanisa la Moravian na hakupenda habari za gemu, lakini baada ya miezi ya kuombwa alikuwa amekubali kumpa stoo iliyo jirani na bani la kukaushia tumbaku. "Ameniambia nina nafasi moja," Lukas alisema akichezea mfupa wa samaki. "Mwaka juzi niliharibu pampu ya maji. Niliifungua nikashindwa kuifunga. Tangu siku hiyo nyumbani kitu kikivunjika, hata kama nilikuwa shambani, wanasema Lukas amekipitia." Bi Zuwena akamwongezea wali. Lukas akasema ameshapata kompyuta, amebakiza kadi, na atachukua ile nitakayomwambia.

Kufikia mwezi wa tisa kadi zilikuwa zimebaki mbili. Kubwa ilikuwa na feni mbili na nyaya mbili za kuongezea umeme, ya daraja la juu la zamani. Ndogo ilikuwa na feni moja, haihitaji waya wowote, inachukua umeme wake wote kwenye tundu la mazabodi. Nilizipambanisha Jumanne. Kwenye mvua ile ile, kadi kubwa ilitoa picha sitini kwa sekunde bila jasho, ndogo ikatoa arobaini na kidogo. Kwa jaribio la dakika kumi, ambalo ndilo nililolifanya kwa kadi zote, hapakuwa na ubishi. Lakini siku hiyo niliitwa kula nikaiacha kubwa ikiendelea. Niliporudi, skrini ilikuwa imejaa vijiraba vya zambarau na kijani, kisha ikawa nyeusi. Nilisubiri ipoe, nikaifungua, nikapaka upya dawa ya kupitisha joto, nikaijaribu tena nikitazama saa. Ilikwenda vizuri dakika arobaini. Ilipofika arobaini na moja vile vijiraba vikarudi. Jumatano nikajaribu mara mbili zaidi, dirisha wazi, kasha wazi. Ilikuwa dakika arobaini kila mara, na hapo ni ndani ya chumba chenye ubaridi kuliko vyote Tabora. Ile ndogo niliiacha kuanzia asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Haikutikisika.

Yote hayo niliyaandika kwenye ukurasa mmoja. Na nilipokuwa naandika nilijua jambo la pili: pawasaplai yangu isingeweza kuibeba kubwa hata kwa dakika moja. Katika zile kumi na moja, ndogo ndiyo pekee iliyonifaa mimi. Na ndiyo iliyomfaa Lukas pia, mtu wa kuwasha mashine kutwa nzima chini ya bati. Ijumaa angekuja kuchagua, na Nassor alikuwa amesema itakayobaki ni yangu, malipo ya kazi ya daftari. Sikuamua kwa ghafla. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Alhamisi jioni, kabla ya kufunga, niliuchana ule ukurasa, nikaandika mwingine safi wenye dakika kumi kumi tu. Nassor aliniuliza, "Ile kubwa nzima?" Nikamwambia nzima.

Ijumaa Lukas alifika mapema, amevaa shati la kanisani. Nilikuwa bado nafunga waya nikamsikia Bi Zuwena nyuma ya pazia akimwambia, "Kaa utulie, mwanangu. Wanangu mwenyewe wananidanganya kila siku, lakini yule binti uongo hauwezi. Akikwambia chukua, chukua." Nilisikia kila neno. Ningeweza kusimama hapo hapo. Lukas akaja, akazishika kadi zote mbili, akazipima uzito mkononi kama anavyopima mtu mananasi. Alisoma ukurasa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Yustina, kama ingekuwa yako, ungechukua ipi?"

"Hii kubwa," nikasema.

Akaifunga ndani ya sweta lake.

Ndogo niliiweka kwenye kompyuta yangu siku ile ile. Nilifunga mlango, nikaendesha gari kwenye mvua. Ilikuwa nzuri kama nilivyoiwazia, na ningependa kuandika kwamba sikuifurahia, lakini niliifurahia sana, kwa siku tisa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili, na Lukas alikuwa amenialika kwenye ufunguzi. Sikuweza kukataa kwa sababu Bi Zuwena ndiye aliyenipa nauli na boksi la tende la kumpelekea mama mtu. Nilifika Goweko ibada imekwisha. Stoo ilikuwa imepakwa chokaa, sakafu imemwagiwa maji kuzuia vumbi, na bado kuta zilinukia tumbaku. Kompyuta ilikuwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kufumwa. Mama yake Lukas alinipokea kwa mikono miwili. "Mwangaluka, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa Lukas," akasema, akanikalisha kwenye kiti pekee chenye mto. Tulikula kuku na wali, sisi wageni kwanza. Mzee Maganga alikaa karibu na mlango, amevaa koti, kofia yake magotini. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akaniuliza, "Hiki kitu ni salama?" Nikasema, "Ni salama, mzee." Huo ulikuwa uongo wa tatu, na mpaka leo ndio unaonichoma zaidi, kwa sababu aliniuliza kwa upole, na alikuwa anataka kuamini.

Lukas, ambaye tangu aifunge kadi ile alikuwa ameijaribu dakika chache tu, akawasha. Gari likateleza kwenye mvua, na watoto na vijana waliojaa mlangoni wakanyamaza kabisa. Kaka zake wawili walikuwa wamesimama nyuma wamekunja mikono. Mmoja wao akaikunjua, akasogea. Walipeana zamu. Mzee Maganga alisogeza kiti chake mara moja, halafu mara ya pili, mpaka akawa anaiona skrini, na nilimsikia akimwuliza mjukuu, "Sasa hapo yeye ndiye anayelizungusha?" Lukas alinitazama juu ya vichwa vya watu akatabasamu. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani. Bati lilikuwa linalia kwa jua. Haikufika hata arobaini. Nadhani ilikuwa thelathini na tatu.

Vijiraba vya zambarau vilianzia pembeni. Mtu akauliza kama hiyo ni sehemu ya mchezo. Kisha giza. Lukas akazima, akawasha, ikaja dakika moja ikafa. Wakaanza kunong'ona. Akalegeza parafujo za kasha haraka, akasahau kuchomoa waya wa ukutani, akagusa nyaya za kadi, na pawasaplai ikapasuka kwa mlio wa fataki, moshi ukapanda. Watoto wakakimbia. Kaka mkubwa akang'oa waya. Hakuumia mtu. Mzee Maganga alisimama, akavaa kofia yake, akasema bila kupaza sauti, "Lukas, wewe ni mtu wa kuharibu. Sasa nimekubali kwamba ndivyo ulivyo." Akatoka.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mto. Ilitosha niseme neno moja, kadi ilikuwa mbovu, nilijua. Lukas alikuja mpaka nilipo, macho mekundu kwa moshi, akainama kidogo kama mtu anayeongea na mkubwa wake. "Nisamehe, dada Yustina. Umenichagulia kitu kizuri, nimekiharibu." Nami nikamwambia, "Usijali."

Baada ya hapo mwaka ulikwisha haraka. Lukas hakuleta asali tena. Alikuja mama yake mwenyewe, akasema kijana ameondoka kwenda Chunya machimboni, na stoo imerudishiwa tumbaku. Mwezi wa kumi na mbili Nassor alikwenda Maskati kwa mjomba wake, chumba cha gemu kikafungwa. Mimi nilibaki na kompyuta yangu. Gemu sikuicheza tena, lakini kwa kadi ile nilijifunza kuchora ramani za mitambo, na kwa zile ramani nikapata kazi Dodoma, na kwa kazi hiyo nimejenga, nimesomesha wadogo zangu. Nimewahi kujiambia kwamba hata ningemchagulia ndogo, stoo ya Goweko isingedumu; umeme ungekatika, kompyuta ingeibwa, mzee angebadili mawazo. Huenda ni kweli. Nimejiambia pia kwamba alifungua kasha bila kuchomoa waya, na hilo lilikuwa kosa lake. Nalo ni kweli. Haya mawili nimeyashikilia miaka mingi, na hayajawahi kunifikisha mahali.

Pale uani, siku ya mazishi, nilisubiri wageni wapungue. Lukas alikwenda kunawa kwenye pipa la maji nikamfuata. Nilimwambia nikiwa nimesimama, masinia mkononi, kwa sababu ningeyaweka chini ningekimbia.

"Kadi ile ilikuwa mbovu kabla sijakupa," nikasema. "Ilikuwa inakufa kila ikifika dakika arobaini. Nilijua. Niliitaka ile ndogo iwe yangu."

Aliendelea kunawa. Alinawa mpaka viwiko.

"Ulijua lini?"

"Siku tatu kabla."

"Na siku ile nyumbani ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nahesabu dakika."

Alifunga bomba la pipa, akafuta mikono kwenye suruali, akaitazama ile mikono. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kutukanwa. "Mzee alifariki mwaka juzi," akasema. "Tuliongea vizuri mwishoni, wala hatukugombana. Lakini alipogawa mali, mimi alinipa mashamba na mizinga ya nyuki. Trekta dogo na pampu aliwapa kaka zangu, akasema mbele ya watu, Lukas msimpe kitu chenye injini. Nami nikaona ana haki. Mke wangu akininunulia hata redio namwambia aiwashe yeye." Akaegemea pipa. "Unajua nimekaa Chunya miaka minne, fundi wa kinu cha kusagia mawe akataka kunifundisha kazi, mara mbili. Nikamwambia mimi niache na sururu."

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Hilo sijalifikia." Kisha akasema, "Mama yupo. Kesho nakwenda huko. Twende ukamwambie mama."

Tulikwenda Jumamosi kwa gari dogo la rafiki yake linalobeba asali. Goweko tulikuta kaka zake wawili barazani wanachambua majani ya tumbaku, na wao wakatupokea kwa kelele za furaha, wakauliza habari za msiba, wakamtania Lukas wakimuuliza kama yeye ndiye aliyeendesha na kama gari litarudi mjini salama kesho. Lukas alicheka nao. Nikaona alivyozoea kucheka. Yeye hakuingia ndani. Alibaki nje ameegemea gari, na mimi nikapita peke yangu.

Mama alikuwa chumbani kwake anamenya karanga kwenye ungo. Amezeeka, lakini alinikumbuka. "Mwalimu wa Lukas," akasema, na nikamwomba asiniite hivyo. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikamweleza yote: jaribio la kwanza, la pili, ukurasa niliouchana, nilivyomjibu mzee Maganga alipouliza kama ni salama. Aliacha kumenya nilipofika kwa mzee. Nilimaliza. Alitoa karanga moja katikati ya maganda akaiweka pembeni ya ungo.

"Kwa hiyo mume wangu ameondoka na neno lisilo kweli juu ya mtoto wake," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tumekaa nalo humu ndani."

Nilifikiri ataniambia niondoke. Badala yake alijiinua kwa kushika ukuta, akaenda dirishani, akalisukuma, akawaita wanawe wawili wa barazani kwa majina. Walikuja wakasimama nje ya dirisha, mikono imechafuka kwa tumbaku, bado wana kicheko usoni. Kule kwenye gari Lukas alikuwa ametugeuzia mgongo.

"Sogeeni," mama akawaambia. Kisha akanigeukia. "Simama, mwanangu. Anza mwanzo, na useme kwa sauti, asikie na yule pale."